Waheshimiwa, Safari Hii Pandeni Lori

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ziara za wabunge wetu katika nchi zenye vita zina faida gani kwa mwananchi?" Niliendesha trela kati ya Mombasa na Juba miaka tisa kabla mgongo haujanishinda, na sasa nauza matairi hapa Salgaa. Kwa hiyo nitajibu kuhusu Sudan Kusini. Hizo nchi nyingine nawaachia wanaozijua.

Faida inaweza kuwapo, ila inategemea mjumbe amepita wapi. Anayepanda ndege Nairobi asubuhi anakula chakula cha mchana Juba. Anapokewa, anapigwa picha, anarudi. Sisi tulipita Malaba, tukashika njia ya Gulu hadi Elegu mpakani mwa Uganda, na tukishavuka Nimule, upande wa Sudan Kusini, ndipo safari ilipoanza hasa. Kutoka hapo hadi Juba ni kilomita 192. Lami ipo, sikatai. Lakini humo njiani nilihesabu vizuizi mpaka nikachoka, kila kimoja na bei yake, risiti hakuna. Utamdai nani risiti, naye ameshika bunduki? Kuna usiku tuliambiwa mbele kunapigwa risasi, tukalala chini ya magari mpaka kukapambazuka.

Vita vilipozuka Juba Julai 2016, nilikuwa nimekwama Nimule na shehena ya saruji. Jeshi la Uganda likaingia na msafara wa magari kwenda kuwatoa raia wake. Tulisimama kando ya barabara tukiutazama ukirudi umejaa watu na mizigo yao. Tanboi wangu, yaani utingo, kijana wa Kisumu, akaniuliza, "Dere, na sisi je?" Nikamwambia achemshe chai.

Sasa, hao wabunge wetu wakifika Juba wanakutana na nani? Bunge la kule lina wajumbe 550, na viti viligawanywa kati ya vyama kufuatana na mkataba wa amani wa 2018. Hakuna aliyepigiwa kura. Uchaguzi umeahirishwa mara kadhaa, na tarehe iliyowekwa mwisho ni Desemba 2026. Mheshimiwa wa namna hiyo hana jimbo la kurudi kuomba kura, ana mkubwa aliyemteua. Kumbana yeye kuhusu vizuizi ni sawa na kumdai tanboi nauli iliyo mfukoni mwa mwenye gari.

Hata hivyo kuna jambo moja wabunge wetu wanalijua kwa uchungu. Januari 2008, baada ya uchaguzi, hapa Nakuru tulichinjana. Februari 28 Kibaki na Raila wakatia saini maafikiano ya kugawana madaraka mbele ya Kofi Annan, na Machi 18 Bunge likapitisha sheria ya maafikiano yale. Karatasi ya wakubwa wawili ikawa sheria ya nchi. Kazi hiyo, ya kuandika kifungu kwa kifungu ili mtu asiamke kesho akabadili nia, ndiyo ya kupeleka Juba. Hotuba za undugu wanazo za kutosha. Kama tiketi ni kumi, mimi ningewapa makarani wa Bunge saba.

Tena ziara ya siku tatu haitoshi kitu. Sisi wa kaunti hii tuliona: John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini mwa Sudan, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, walikaa Naivasha miezi na miezi kuanzia 2003, na mkataba wenyewe wa kumaliza vita vyao ukatiwa saini Nairobi Januari 2005.

Na vizuizi? Hivyo vipelekwe Arusha. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, na katika Bunge la Jumuiya, lenye makao Arusha, ina wabunge tisa wa kuchaguliwa, sawa na Kenya. Wanakaa ukumbi mmoja. Mbunge wetu wa huko amuulize mwenzake hapohapo kwa nini mzigo uliolipiwa ushuru unalipiwa tena kila baada ya kilomita chache.

Ila wakishikilia kwamba lazima waende Juba, basi waende kwa barabara. Matrela ya njia hiyo hulala hapa Salgaa, nitawatafutia dereva mwenye subira. Wabebe maji, blanketi na noti ndogondogo, maana pale kizuizini hawarudishi chenji.

Msomaji, Salgaa, Nakuru