Ukiniuliza mafuta kiasi gani

Mwanangu Jabu,

Umeniuliza nikisema "kaanga" nakusudia mafuta kiasi gani, maana umemkaanga kibua kama nilivyokuandikia, ngozi ikabaki kwenye kikaango na samaki akatoka vipande. Ungeniuliza mafuta ya moto kiasi gani ningekujibu upesi. Maneno yetu ya jikoni yanataja moto kuliko yanavyotaja mafuta. Nimekuambia hivyo tangu ukinikunia nazi.

Hebu tazama. Karanga tunakaanga, na hatutii hata tone: chungu kikavu, moto mdogo, mkono haupumziki. Buni vivyo hivyo. Sambusa na maandazi yanaogelea mafutani, nasi tunasema tunachoma. Huko uliko ukisema unachoma, watu watatafuta mkaa na mbuzi. Kwa hiyo neno peke yake halikupi kipimo.

Kitunguu nacho kina kukaanga kwa namna mbili. Cha pilau, kwa kilo moja ya mchele, kinataka mafuta nusu kikombe, moto wa kati, na dakika 15 hadi 20. Anayekuandikia dakika 5 hajapika pilau. Kwanza kitunguu kinatoa maji, kinalegea, unaona hakuna kinachoendelea; kisha mwishoni kinageuka rangi ghafla. Ukichungulia simu hapo kimeungua, na pilau nzima inakuwa chungu. Cha kuungia maharage ni vijiko vitatu vya mafuta tu, na kitunguu kinalainika bila kugeuka kahawia. Thomu inafuata, kwa sababu ikitangulia inaungua kabla kitunguu hakijalegea. Halafu nyanya, na usimimine maharage mpaka nyanya zivunjike na uone mafuta yamejitenga pembeni. Ukiharakisha hapo, mchuzi unabaki na ule uchachu wa nyanya mbichi. Na usiposikia habari ya mafuta kabisa, ni chukuchuku hiyo, usijitie kuongeza.

Samaki wako, sasa. Ulimtia chumvi na ndimu ukampeleka motoni na majimaji yake, sivyo? Chumvi inamtoa maji. Mfute kwa kitambaa mpaka akauke. Kikaango kipate moto kwanza, ndipo utie mafuta, uyaache yapate moto nayo. Chovya mpini wa mwiko mkavu: vikizunguka vipovu vidogo vidogo, tayari. Yakitulia kimya, ngoja. Yakitoa moshi, umepitiliza, epua. Mlaze samaki kwa kumwelekeza mbali nawe ili mafuta yasikurukie, kisha usimguse dakika 4. Akiiva upande huo anajiachia mwenyewe. Ukimlazimisha, anakuachia ngozi.

Hayo ya mafuta kutulia kimya ndiyo yaliyotupata kwenye sambusa za harusi ya dada yako, ingawa shangazi yako hataki isemwe. Sambusa 200, karai moja, wageni wameshaanza kuketi. Akatosa 30 kwa mpigo. Mafuta yakanyamaza. Hakuna sauti mbaya jikoni kama mafuta yanaponyamaza! Chakula kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kusukuma nje, na ndiyo sauti unayoisikia. Mvuke ukisukuma, mafuta hayapati njia ya kuingia. Ukijaza karai, moto unashuka, mvuke unapungua nguvu, na manda, ule unga unaofungia sambusa, zinakunywa mafuta. Sambusa zilitoka nyeupe, laini, zinaloanisha karatasi mpaka kwenye viganja vya watu. Karai lile ni la sambusa 8, kwa mafuta ya nyuzi 170 hadi 180.

Shangazi anasema manda zilikuwa na unyevu, na nyama haikukaushwa vizuri. Huenda. Nyama ikiwa na maji kweli inaharibu. Lakini hapo manda zingepasuka na mafuta yangeruka, na hakuna iliyopasuka hata moja. Kwa hiyo ni kujaza karai. Tena, ule moto wa kuni ulikuwa umelegea, na kuni zilikuwa mkononi mwangu. Basi sisemi ni nani. Ila manda nilizikunja mimi, na hazikuwa na unyevu.

Hata ukichoma 8 tu, baada ya kila mkupuo ngoja kidogo moto urudi. Epua uweke kwenye chujio, usizirundike kwenye sahani, mvuke wake utazilegeza. Mafuta yasizidi nusu ya karai, kwa sababu ukitosa yanapanda. Yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, usiyamwagie maji wala usijaribu kulibeba karai.

Nawe uliuliza kiasi. Haya: kibua, mafuta yafike nusu ya unene wake. Sambusa na maandazi, yaelee bila kugusa chini. Vitumbua, kijiko kimoja cha chai kwa kila shimo, na unaongeza kabla ya kila mkupuo. Chapati, kijiko kimoja kila upande, baada ya chuma kuikausha kwanza pande zote mbili. Ukiipaka mapema inakuwa ngumu. Shangazi yako anaipaka mapema, na watu wanakula.

Mafuta yaliyobaki yachuje yakipoa, uyafunike. Yakiwa meusi, yakitoa povu zito au moshi mapema, mwaga. Na uliyokaangia kibua usichomee maandazi, hata kama yamebaki mengi.

Mama yako