Kwa nini dawa ya viungo itanguliwe na kipimo cha kifua kikuu?

SWALI: Ninaugua baridi yabisi. Methotreksati imenisaidia kidogo tu, na sasa daktari anataka kunianzishia sindano za adalimumabu, ambazo amesema ni kingamwili zinazotengenezwa maabara. Kabla ya kunipa amenituma nikapime kifua kikuu na homa ya ini B, ilhali sikohoi wala macho yangu hayana umanjano. Kama dawa hii ni kingamwili, yaani kitu cha kuulinda mwili, inakuwaje niambiwe inaweza kunisababishia maambukizi?

JIBU: Kinachokutatiza hapa ni jina. Kingamwili haimjui adui wala rafiki; inachojua ni kunata kwenye umbo moja tu, na ulinzi au madhara hutegemea umbo hilo ni la nani. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waliunganisha seli inayozalisha kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika, wakapata chanzo cha kudumu cha kingamwili za aina moja. Tangu hapo binadamu ndiye anayechagua kingamwili inate wapi, na katika adalimumabu kilichochaguliwa si kijidudu, bali ni protini ya mwili wako mwenyewe iitwayo TNF.

TNF ni mjumbe anayeamsha uvimbe. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi huzalishwa kupita kiasi ndani ya viungo, ikaleta maumivu na hatimaye kula gegedu na mfupa. Dawa huidaka kabla haijafikisha ujumbe, na wagonjwa wengi ambao methotreksati haikuwatosha hupata nafuu ya kweli. Tatizo ni kwamba mjumbe huyohuyo ana kazi nyingine. Bakteria wa kifua kikuu wakiingia mapafuni, mara nyingi hawaangamizwi wote. Seli za kinga huwazingira kwa ukuta, wakalala humo kwa miaka bila mtu kukohoa hata mara moja, na ukuta huo husimama kwa msaada wa TNF. Ukiiondoa TNF, ukuta hulegea. Ripoti iliyotolewa mwaka 2001 ilieleza wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliximabu, dawa ya kundi hilihili. Wengi wao waliugua ndani ya miezi michache ya mwanzo, na zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa nje ya mapafu, mahali ambapo mtu asingeutafuta. Kwa hiyo kutokohoa kwako hakutoshi kuwa ushahidi.

Kipimo kikionyesha bakteria waliolala, usidhani umenyimwa dawa. Kwa kawaida utaanzishiwa tiba ya kuzuia, kisha sindano zifuate baada ya takriban mwezi mmoja au zaidi. Mweleze daktari kama umewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sababu dawa zinazopunguza kinga, hasa prednisoloni, zinaweza kufanya kipimo kionekane safi wakati si safi. Virusi vya homa ya ini B navyo hujificha ndani ya ini na vinaweza kuamka kinga ikipunguzwa, ingawa kwa hilo rituximabu, kingamwili nyingine ya maabara inayoziondoa seli B za damu, aina mojawapo ya seli za kinga, inaogopwa zaidi.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini swali la jumla, kwamba kingamwili zina madhara gani, halijibiki. Trastuzumabu hunata kwenye protini ya HER2 iliyojaa katika baadhi ya saratani za matiti, lakini misuli ya moyo nayo huihitaji, na ndiyo maana moyo hupimwa mara kwa mara. Dawa zinazoachia breki za kinga ili ipambane na saratani zina hatari ya upande wa pili kabisa: kinga iliyoachiwa huweza kushambulia utumbo, tezi ya shingo au mapafu ya mgonjwa mwenyewe.

Ipo pia hatari inayotokana na dawa kuwa protini. Muromonabu, iliyoidhinishwa mwaka 1986 kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, ilitokana na panya, na miili ya wagonjwa ikaitambua kuwa ngeni na kuipinga. Adalimumabu imeundwa kwa mfano wa kingamwili ya binadamu, lakini bado baadhi ya watu huitengenezea kingamwili za kuipinga, na ikapoteza nguvu. Methotreksati hupunguza jambo hilo. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe eti kwa sababu umepata dawa mpya.

Chanjo zenye vimelea hai, kama ya homa ya manjano, zizungumzwe kabla ya sindano ya kwanza. Dawa hii hupungua mwilini kwa nusu katika takriban wiki mbili, hivyo haiondoki upesi hata ukiiacha leo. Ukipata homa, jasho jingi la usiku, kikohozi kisichoisha, kupungua uzito au tezi zilizovimba, mpigie daktari kabla ya kuchoma sindano inayofuata, hata kama kipimo chako cha awali kilikuwa safi.