Muulize Fundi Kabla ya Muuzaji

Marehemu baba alishona nguo barazani Ngamiani, Tanga, kwa cherehani ya miguu ya Singer aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Cherehani ile leo iko kwa mdogo wangu na bado inapiga kazi. Mteja akileta shati jipya lililochanika kwapani, mzee hakusema neno. Aliligeuza nje ndani, akaweka kidole kwenye mshono, akamwacha mwenyewe atazame. Mwezi uliopita niliyagusia hayo hapa kwa mistari miwili tu, maswali ya kutambua kitu cha kudumu kabla ya kulipa yakamiminika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

Shikamoo mjomba. Nimepata kazi ya kwanza, nimepanga chumba na sebule Mbagala. Nina laki sita mkononi. Ninunue vitu vyote vya bei chee nijaze nyumba, au nianze na vichache vizuri? Marafiki wanasema nyumba tupu ni aibu. (Binti, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Hao marafiki wakija watakaa saa mbili waondoke. Wewe utalala hapo kila siku, kwa hiyo anza na godoro.

Kulilalia dukani hakusaidii, maana kila godoro jipya ni tamu. Unachonunua kwenye godoro la sponji ni uzito wake. Chukua la futi tano kwa sita, inchi sita. Likiwa sponji ya kilo 25 kwa kila mita ya ujazo, litakuwa na kilo kama 11. Likiwa la kilo 15, halifiki hata kilo 7. Yote mawili yana kitambaa cha maua na yote yameandikwa maneno makubwa kwenye nailoni. Omba mizani, au nenda na mtu mwenye mabega akayanyanyue yote mawili. Halafu fungua zipu utazame ndani: ukikuta vipande vilivyounganishwa kwa gundi badala ya pande moja, mwachie mwenyewe. La mwisho, bonyeza ukingoni kwa ngumi, maana godoro bovu huanza kufa pale unapokaa kuvaa viatu.

Baada ya godoro nunua sufuria mbili nzuri na jiko. Nguo zinaweza kukaa kwenye kamba na misumari hadi Desemba, na kochi lisubiri kabisa, mkeka upo. Kama kazini kuna mchezo wa kuchangiana hela, ingia, ila kijumbe, yule mkusanyaji, awe mtu unayepajua kwao. Wengi wetu hatununui vibovu kwa ujinga. Tunanunua kwa sababu hela nzima haijawahi kukaa mkononi siku moja, na dawa ya hilo ni kupokea kwa zamu.

Mimi ni mama lishe. Sufuria zangu za ugali zinatoboka kila baada ya miezi minne. Nzito nimeziona, bei inanitisha. Kuna faida kweli? (Morogoro)

Dada, hesabu umeshaipiga mwenyewe: kila miezi minne ni sufuria tatu kwa mwaka. Jumlisha na ugali ulioungua na mkaa uliopotea, kisha urudi uitazame ile bei iliyokutisha.

Sufuria nyembamba moto haujui pa kwenda. Unakusanyika chini palepale mkaa ulipo, unga unashika, unakwangua kwa kijiko cha chuma, na kila ukikwangua unaondoka na sehemu ya sufuria yenyewe. Yenye kitako kinene husambaza joto hadi ubavuni, ukoko unabanduka kwa mwiko wa mti. Ukienda kununua, pitisha dole gumba ndani na kidole cha shahada nje, uanze juu ushuke hadi kwenye kona ya kitako. Wajanja hukunja mdomo wa sufuria uonekane mnene, kumbe chini ni karatasi. Tazama masikio yake pia: yakiwa yamepigwa ribiti tatu kila upande yatavumilia kuinuliwa na maji ya watu arobaini. Ya ribiti moja yatakumwagia.

Hapa lakini nisimame kidogo, kwa sababu uzito peke yake unadanganya. Zipo sufuria nzito zinazosubuliwa mitaani kwa vyuma chakavu: vipande vya injini, makopo, waya, chochote kinachoyeyuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi vilitoa madini ya risasi. Risasi haina harufu wala ladha, na wanaoumia zaidi ni watoto. Ukiona sufuria ina vishimo vishimo na rangi ya kijivu isiyolingana, usipikie ndani yake vitu vikali kama nyanya, ukwaju au ndimu, na usilaze mchuzi humo. Kwa maharage na mchuzi tafuta ya chuma cha pua hata kama ni moja.

Na hili najua litanigombanisha na akina mama wa pwani: acheni kusugua ndani ya sufuria ya alumini mpaka ijione kama kioo. Ule weusiweusi uliofifia ndio unaoikinga. Nje sugueni mnavyotaka.

Mume wangu hataki kusikia mitumba, anasema ni matambara ya watu. Mimi naona shati la mtumba linadumu kuliko jipya la dukani. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Dodoma)

Wote wawili, mwalimu, na msigombane kwa ajili ya shati.

Wewe uko sahihi kwa sababu shati la mtumba limeshafanya mtihani. Limefuliwa mara nyingi huko lilikotoka. Kama kola bado imesimama na mshono wa bega haujajikunja, basi litaendelea. Shati jipya la bei ya kutupa halijafanya mtihani wowote. Linang'aa kwa wanga na pasi, na wanga huondoka kwenye beseni la kwanza.

Naye mumeo ana hoja, kwa sababu belo, yale marobota ya mitumba, za siku hizi si zile za miaka ya tisini. Huko Ulaya na Marekani nako watu wamezoea nguo za kuvaa mara chache na kutupa, na zinazotupwa ndizo zinazofungwa kwenye belo. Wauzaji wa soko la Karume, Dar es Salaam, watakwambia wenyewe: zamani belo moja lilirudisha hela kwa daraja la kwanza peke yake, sasa nusu linakwenda kwa bei ya kumwaga chini. Kwa hiyo usinunue kwa sababu ni mtumba. Kagua.

Ligeuze nje ndani. Pima inchi moja kwenye mshono wa ubavuni uhesabu matundu ya sindano. Chini ya kumi, lirudishe. Kumi na nne na kuendelea, mshike muuzaji mazungumzo. Vuta mshono pande mbili: ukiona mwanga unapita, utachanika hapohapo. Shati lililoshonwa na mtu mwenye adabu huwa na kifungo cha akiba kwa ndani, chini karibu na pindo. Kisha linyanyue juani uangalie kwapa na kiti cha suruali, ndiko nguo huanza kulika.

Kama unatilia shaka kitambaa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuwashe kiberiti mbali na nguo. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Ya plastiki inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi. Wauzaji wengine hawapendi mchezo huu. Anayekuruhusu, mkumbuke na siku nyingine.

Mwambie mume wako kwamba nguo za ndani za mtumba hata TBS, shirika la viwango la Tanzania, imezipiga marufuku, kwa hilo hajakosea. Mengine ni maji moto, jua na pasi.

Mwalimu wangu, nitaijuaje leso (kanga) nzuri kabla sijaifua? (Mombasa)

Ifikiche. Shika pembe moja kwa mikono miwili uisugue kama unafua. Ikitoa vumbi jeupe na ghafla ikawa laini nyepesi, ulikuwa unanunua wanga. Lowesha pembe kwa mate, ibonyeze kwenye kitambaa cheupe, uone rangi inahama kiasi gani. Kidogo si neno, nyingi ni msiba wa kanzu. Geuza upande wa nyuma: pindo na mji, ile sehemu ya kati, visomeke vizuri. Jina, yale maneno yaliyoandikwa, ukilipenda hilo ni lako na moyo wako, mimi simo.

Fundi wa Keko anataka mara tatu ya bei ya kabati la dukani. Lake ni mninga, la dukani ni MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) lakini lina vioo na taa ndani. Nifanyeje? (Tegeta)

Kaka, swali la kwanza: unapanga au umejenga? Kama unahama kila mwaka, ujue MDF haipendi kuhama. Skrubu ikitoka mara ya pili tundu limeshakuwa unga, haishiki tena. Na haipendi maji. Deki ya kila siku inatosha kuvimbisha miguu yake, na ikishavimba hairudi.

Mninga mzuri ni wa urithi, lakini neno "mninga" halitoshi. Kiini cha mninga ni cha kahawia yenye wekundu, mchwa hawakipendi. Ile mbao ya nje ya gogo, ya manjano iliyopauka, wadudu wanaila kama biskuti, na fundi mwenye haraka anaipaka rangi ikafanana na nyingine. Kwa hiyo usikague mlango, uliopigwa msasa kwa ajili ya macho yako. Chomoa droo uipindue. Chini ya droo hakuna anayepaka rangi, na huko ndiko utakutana na mbao yenyewe. Tazama pembe za droo pia: zimechongwa ulimi ukaingia kwenye tundu, au zimepigwa misumari tu?

Halafu iguse. Mbao mbichi ni nzito kupita kiasi na ina ubaridi mkononi. Kabati la mbao mbichi litapendeza mwezi mmoja, kisha milango itagoma kufunga. Mwambie fundi akuonyeshe mbao kabla hajakata, umpe malipo ya awali, na umalizie baada ya kuvuta kila droo mara kumi. Mninga ukikushinda, uliza mtiki. Paina hufaa kwa rafu za jikoni.

Taa za ndani ya kabati sina la kusema. Umeme ukikatika utatafuta soksi kwa tochi kama sisi.

Pasi na balbu zinaungua kila mara. Orijino itatambulikaje siku hizi wakati hata boksi linaigwa? (Mwanza)

Achana na boksi, shika plagi. Plagi ya pini tatu inatakiwa iwe na fyuzi ndani. Ya ovyo haina, au haifunguki. Pini ziwe nzito. Waya uwe na unene, na pale unapoingia kwenye pasi pawe na mpira unaouzuia kukunjika, maana pasi nyingi hufia hapo. Tazama alama ya TBS, dai risiti, na mwulize fundi umeme wa mtaani kwako ni pasi zipi anazozipatia vipuri. Kama hazifunguki kwa bisibisi, hata yeye atakuuzia pole tu.

Kuhusu balbu, usidhani ni bahati yako mbaya. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikaa Geneva wakakubaliana balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, wakati zilizokuwepo zilikuwa zinapita hapo. Aliyetengeneza ya kudumu alitozwa faini. Balbu za LED za leo hadithi yake ni nyingine: taa yenyewe haifi upesi, kinachokufa ni kile kisakiti cha ndani kwenye kitako kwa sababu ya joto. Chagua yenye kitako kizito, na usiifungie kwenye kibakuli kisichopitisha hewa.

Viatu vya shule: ngozi au vya bei nafuu? (Mama wa watoto watatu, Singida)

Wa kwanza mnunulie ngozi, kwa sababu wawili wanafuata. Hao wadogo chini ya miaka kumi mguu unakikimbia kiatu kabla hakijachakaa, kwa hiyo kama hakuna wa kurithi, cha nafuu kinatosha. Angalia ukingo uliokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi kama nyama kavu, bandia ina kitambaa chini yake. Soli iwe imeshonwa kuzunguka. Ikiwa imegundishwa tu, mpitishie fundi viatu aishone kabla mtoto hajaivaa. Ni hela kidogo sana kuliko akisubiri iachie.

Mjomba, wewe mwenyewe umewahi kuingizwa mjini? (Tabora)

Tena mchana kweupe. Nilinunua seti ya sufuria saba kwenye maonyesho fulani, ndani ya boksi lenye picha ya mzungu akicheka na karoti. Kijana aliyekuwa anauza alipanda juu ya sufuria moja kuonyesha ilivyo ngumu, watu tukapiga makofi. Sikugusa kitako, sikuhesabu ribiti, na nilikuwa nimeshaandika makala mbili kuhusu kuhesabu ribiti. Wiki ya tatu mke wangu aliinua ya pili kwa ukubwa ikiwa na maharage, sikio likabaki mkononi mwake na sufuria ikabaki jikoni. Hakuungua, Mungu mkubwa. Sufuria zote saba zimekwisha kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mifuniko tunayo bado: mmoja unafunika mtungi wa maji, mwingine ndio anaotumia mjukuu kupiga ngoma.