Je, Unfriended ni kisa cha kweli cha Amanda Todd?

Salaam, dada. Umeuliza kama Unfriended, filamu ya kutisha ya 2014 ambayo binti yako anataka kuitazama, ni kisa cha Amanda Todd, msichana wa Kanada aliyeonewa mtandaoni. Sivyo. Laura Barns, ambaye mzuka wake unawaandama wenzake kupitia kompyuta, ni mhusika wa kubuni, ingawa watazamaji wengi, nami nikiwemo, humkumbuka Amanda.

Angalia kwanza ni nani aliyeanzisha uonevu. Katika filamu, Laura anadhalilishwa kwa video na watu wa rika lake, ilhali Amanda aliandamwa na mtu mzima asiyemjua, aliyepata picha yake ya faragha kupitia kamera ya kompyuta, akamtishia, kisha akaisambaza. Wenzake shuleni walimcheka na kumtenga, na hata alipohama shule picha ikamfuata. Septemba 2012 aliweka YouTube video ambamo hasemi neno, anageuza tu kadi zilizoandikwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Alijiua Oktoba 10 mwaka huohuo, akiwa na miaka 15. Mwanamume aliyemwandama, raia wa Uholanzi, alitiwa hatiani nchini Kanada mwaka 2022.

Nilipoitazama filamu hii na mpwa wangu, niliisimamisha pale msichana anapoandika ujumbe na kuufuta kabla ya kuutuma, tukazungumza hapo. Nakusihi utazame naye, kwa kuwa ina ukatili mwingi, na umuulize angemwambia nani iwapo mgeni angemdai picha.