Nilimeza Vidonge vya Wasiwasi Mpaka Nikajifungua

Juzi msomaji aliniandikia: "Dada, asubuhi kipimo cha mimba kimetoa mistari miwili, jioni nikamwaga vidonge vyangu vya wasiwasi vyote chooni. Nimefanya vyema?"

Nilimjibu ampigie daktari wake kabla hajalala. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zikikatwa ghafla baada ya kutumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuleta degedege. Hata sertralini, niliyokuwa nameza mimi, ukiikatisha kwa mkupuo unaweza kupata kizunguzungu na mishtuko kichwani kama ya umeme. Kama kupunguza kupo, kunakwenda hatua kwa hatua, na daktari akijua.

Nayajua haya kwa sababu yamepita mwilini mwangu. Nikiwa na mimba changa, wifi yangu aliona kichupa mkobani. Hakuniuliza faragha. Alikiinua mbele ya ukoo mzima: "Unamlisha mtoto wa kaka yangu sumu?" Mume wangu akaangalia sakafu. Nimesamehe mengi katika ndoa hii, lile bado linanikaa kooni.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari nikiwa tayari kuacha. Akaniuliza swali moja tu: kabla ya dawa ulikuwa unaishije? Nikamwambia. Sikuwa nalala. Chakula hakipiti. Kutoka nje tu moyo ulikwenda mbio hadi nikadhani nakufa. Akasema basi tusipime dawa peke yake, tupime na ugonjwa, kwa maana nao humfikia mtoto: wasiwasi mkali usiotibiwa umehusishwa na kujifungua kabla ya wakati na mfadhaiko baada ya uzazi.

Kisha akanipa hesabu. Katika watoto 100, kama 3 huzaliwa na kasoro hata mama asipogusa dawa yoyote, na kwa sertralini tafiti kubwa kwa ujumla hazijaonyesha idadi hiyo ikipanda sana. Paroksetini, dawa ya kundi moja na sertralini, ndiyo inayotiliwa shaka zaidi, kwa ajili ya moyo wa mtoto. Shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu ya mtoto mchanga hutokea kwa takriban 2 katika kila 1,000. Dawa za kundi hili zikitumika mwishoni mwa mimba, huwa karibu 3. Hatari ipo, sikufichwa. Lakini "sumu" haimo humo.

Nikaendelea. Tena miezi ya mwisho dozi ikapandishwa, maana damu ya mjamzito huongezeka na dawa huweza kupungua nguvu. (Hili sikumwambia wifi!)

Mwanangu alizaliwa mzima. Siku za mwanzo alitetemeka kidogo na kulialia. Wakunga walikwisha kuambiwa, wakawa wanamwangalia, ikapita. Hutokea kwa baadhi ya watoto na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Nikamnyonyesha pia, kwani sertralini hupita kidogo sana kwenye maziwa.

Sasa wewe unayesoma, najua unataka mtoto mwenye afya na akili zako zitulie. Usipokee uamuzi kutoka kwa mtu ambaye hatakesha nawe. Peleka kichupa chenyewe kliniki, taja kila unachomeza, mitishamba nayo. Kama bado unapanga kushika mimba, nenda sasa, maana kubadili dawa ni rahisi zaidi kabla. Wapo ambao wasiwasi wao ni mwepesi, wakapunguza taratibu huku wakipata tiba ya mazungumzo, wakavuka salama. Hao hawajanishinda umama, wala mimi sijawashinda. Ugonjwa wao si wangu.

Na ukisoma karatasi ya zamani yenye herufi C au D mbele ya jina la dawa yako, yaani alama ya hatari ya dawa kwa mimba, usitetemeke: Marekani yenyewe ilianza kuuondoa mfumo huo wa herufi mwaka 2015 kwa kuwa ulikuwa ukipotosha. Mwulize daktari tafiti zinasema nini juu ya dawa hiyo, kwa dozi yako, na kwa mwezi wa mimba uliopo.