Kupeleka mada kwenye mkutano wa ufundishaji wa kemia: nilivyokataliwa, nilivyokubaliwa

Mkuu mleta mada, umesema unafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, umeona tangazo la mkutano wa kimataifa wa walimu wa kemia, unatamani kupeleka mada lakini unahisi pale ni pa madokta wa vyuo vikuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya kata. Nimekataliwa mara moja, nimekubaliwa mara mbili, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Hilo la udokta litoe kichwani. ICCE, mkutano wa kimataifa wa ufundishaji wa kemia ulio chini ya IUPAC (umoja wa kemia wa kimataifa), hufanyika kila baada ya miaka miwili na huzunguka dunia: mwaka 2008 ulikuwa Mauritius, 2024 Pattaya, Thailand. Kwa Afrika kuna ACRICE, mkutano wa utafiti wa ufundishaji wa kemia, ulioanzia Addis Ababa mwaka 2013. Wamarekani wana BCCE, mkutano wao wa ufundishaji wa kemia, kila mwaka wa shufwa, kwenye kampasi ya chuo kikuu, na walimu wa sekondari wana nafasi yao humo. Yote inahusu ufundishaji, na anayeshinda na watoto maabara ni wewe.

Sasa nilivyokataliwa. Kichwa cha mada yangu kilikuwa "Changamoto za Ufundishaji wa Kemia kwa Vitendo katika Shule za Sekondari". Unaukisia mwili wake: uhaba wa maabara, msongamano wa wanafunzi, kemikali hazitoshi, na mwishoni mapendekezo kwa serikali. Jibu lilikuja na maoni ya mistari miwili. Mmoja uliuliza: mwandishi mwenyewe alifanya nini darasani?

Uliniuma wiki nzima, maana kuna jambo nilikuwa nimelifanya, ila sikuliandika kwa kuona aibu. Shule ilikuwa na bureti sita (ile mirija mirefu ya kupimia asidi inayoongezwa), nne zinavuja kwenye koki. Nikaenda duka la dawa nikanunua sirinji za mililita 10, watoto wakafanyia taitresheni, yaani kuongeza asidi kwenye besi mpaka zimalizane. Besi tukaweka mililita 5 badala ya 25, asidi ikawa inasukumwa tone kwa tone mpaka ile rangi ya waridi ya POP (kiashiria cha fenolftalini) ipotee. Mistari ya sirinji ile ni ya mililita 0.2, ya bureti ni 0.1, kwa hiyo swali lilikuwepo mezani: tunapoteza usahihi kiasi gani? Majibu nilikuwa nayo kwenye daftari la kipindi, mkuu, yamelala tu!

Mwaka uliofuata nikaandika upya. Angalia tofauti. Sentensi ya zamani: "Utafiti huu unalenga kuangazia umuhimu wa zana mbadala katika kuinua kiwango cha ufaulu." Sentensi mpya: "Vikundi 11 vya kidato cha tatu vilitafuta molariti (ukolezi) ya asidi ileile mara mbili, kwa bureti na kwa sirinji, nami nikalinganisha majibu ya kila kikundi." Ile ya kwanza angeweza kuiandika mtu asiyewahi kunusa amonia. Nikaongeza kwamba vikundi viwili majibu yao yalipishana vibaya, na kwamba chanzo kilikuwa povu la hewa lililobaki kwenye sirinji. Nusura nilifute hilo. Msomaji wao mmoja akaandika kwamba povu ndilo lililomfanya akubali.

Mimi ikisiri, yaani ule muhtasari wa mada unaotumwa, naiandika kwanza kwa Kiswahili, kama namsimulia mwalimu mwenzangu ofisini, halafu ndiyo naihamishia kwenye Kiingereza chepesi. Nikianza na Kiingereza moja kwa moja najikuta naandika risala ya mgeni rasmi.

Kuhusu aina ya wasilisho, mara ya kwanza omba bango. Najua wengi wanalidharau, wanataka kusimama jukwaani. Jukwaani unapewa dakika chache, maswali mawili, umeshuka. Kwenye bango mtu anasimama, anaishika sirinji, anakuuliza uliinunua bei gani. Warsha iache mpaka uwe na uzoefu. BCCE kuna utaratibu unaochanganya wageni: kwanza wanaitwa wanaotaka kuandaa vikao na warsha, baadaye ndiyo mlango wa mada moja moja unafunguliwa, na wewe unachagua kikao cha kuipeleka. Soma maelezo ya kikao kabla ya kuchagua.

Mtego mwingine ni mfumo wenyewe wa kutuma mada mtandaoni. Fomula ukizinakili kutoka Word, vile vinamba vya chini vinaweza kugeuka alama za kuuliza. Asidi yangu ya salfuriki ilifika kwao ikiwa H?SO?. Bonyeza hakiki usome kabla ya kutuma. Angalia pia kama kikomo ni cha maneno au herufi. Na saa! Wakisema mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, mwezi wa pili kwetu hiyo ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake, lakini mwezi wa nne ni saa 12:59, kwa sababu wao husogeza saa zao. Usiku wa mwisho umeme wetu unajulikana, kwa hiyo tuma siku tatu kabla.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, maana barua ya mwaliko utakayoipeleka ubalozini itafuata hilo hilo. Picha za wanafunzi ziombee ridhaa ya wazazi. Kama ni mtumishi wa umma, mwambie mkuu wa shule mapema, kibali cha kusafiri nje hakipatikani kwa wiki moja. Tena kukubaliwa mada si kulipiwa: ada ya kushiriki, nauli na malazi ni vyako mpaka upate mfadhili, na ombi la ufadhili huwa na fomu yake na tarehe yake, mara nyingi tofauti na ya mada. Mara yangu ya pili niliikosa tarehe hiyo, bango langu likaenda kubandikwa na mtu mwingine.

Andika aya moja tu, uliyoyafanya na uliyoyapima, uiweke hapa tuichambue. Majina ya watoto yatoe kwanza.