Mtoto hatulii: vidonge vya hospitali au dawa ya "kusafisha ubongo"?

SWALI: Daktari shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, shuleni naitwa kila mara, hakai kwenye kiti, akikasirika anapiga wenzake, na nyumbani ni hivohivo. Hospitali walituhoji sana, wakampima macho na masikio, walimu wakajaza fomu, mwisho wakasema ana ADHD, yaani shida ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuweka umakini. Wameshauri mafunzo ya wazazi pamoja na vidonge vya methilfenideti. Baba yake hataki kabisa, anasema mtoto atakuwa teja. Shangazi yake katuletea mtu mwenye dawa ya asili ya kusafisha ubongo, eti miezi mitatu anapona moja kwa moja. Halafu mbona kwenye gemu anakaa masaa na hasumbui mtu? Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba mama. La gemu nalimaliza haraka maana naulizwa kila siku. Gemu inampa zawadi kila baada ya sekunde chache, pointi, mlio, rangi, wakati hesabu za daftarini zawadi yake inakuja baadaye sana au haiji. Mtoto wa ADHD umakini anao, ila hawezi kuuelekeza pale unapotakiwa na kuubakiza hapo. Kwa hiyo gemu haikanushi kitu.

Sasa hiyo chupa ya dawa ya asili. Kusafisha ubongo, uchafu gani jamani? Mtu hajaongea na mwalimu, hajauliza mtoto analalaje, hajui kama kuna degedege au kifafa kwenye ukoo, ila anajua ni miezi mitatu! Na kinachonikera zaidi ni kwamba familia ileile inayoogopa kidonge chenye karatasi ndefu ya maelezo inakubali kumnywesha mtoto kitu kisicho hata na lebo. Methilfenideti, hivyo vidonge mlivyoshauriwa, ilitengenezwa 1944, na dawa za jamii ya amfetamini, zinazofanya kazi karibu sawa nayo, daktari Mmarekani Charles Bradley alishaandika habari za kuwapa watoto wenye shida za tabia tangu 1937. Zimetumika miaka mingi, ndo maana mabaya ya methilfenideti tunayajua na tunayataja bila kuficha: inakata hamu ya kula, inachelewesha usingizi, kichwa na tumbo vinaweza kuuma, inaweza kupunguza kidogo kasi ya kurefuka, inapandisha kidogo mapigo ya moyo na presha. Ndo maana pia kila mkirudi kliniki tunampima uzito, urefu na presha. Ya kwenye chupa nani anayapima?

Hili la teja namwelewa baba, dawa hii kweli inadhibitiwa kisheria kwa sababu wapo wanaoitumia vibaya, ndo maana unaifungia kabatini na unaitoa wewe mwenyewe kwa mkono wako. Lakini mtoto anayemeza dozi yake aliyoandikiwa, akifuatiliwa, hageuki teja kwa sababu hiyo. Kwa kweli ADHD iliyoachwa bila matibabu ndo inaongeza uwezekano wa kijana kuangukia ulevi baadaye. Na ukiona amepoa kupita kiasi, kazubaa, hachezi, hiyo siyo kwamba "imekubali", dozi imezidi au dawa haimfai, rudi ukaseme.

Hizi za chupa zinapata sifa kirahisi sana. Watu wanazinunua wiki ile mtoto amechachamaa kabisa, na dalili zenyewe zina kupanda na kushuka, zikishuka sifa inaenda kwa muuzaji. Au imechanganywa kimyakimya na dawa ya usingizi, basi mtoto anasinzia darasani na kila mtu anashangilia kwamba katulia. Wengine wamekutwa na madini ya risasi kwenye dawa zao za asili, na risasi yenyewe ndo inaharibu ubongo wa mtoto na kumpunguzia umakini, yaani unalipia ugonjwa uleule. Anayekuahidi kupona kabisa ADHD anakudanganya, awe na chupa, awe na koti jeupe. Sisi tunachofanya ni kupunguza dalili ili mtoto asome, apate marafiki na asijichukie.

Na wale wa kidonge peke yake pia wananichosha, wanaruka mafunzo ya wazazi kwa kuwa eti ni maneno tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 tunaanza na hayo mafunzo kabla ya dawa, kwa wa umri wa mwanao vyote viwili vinaenda pamoja. Mfano mdogo: badala ya kupaza sauti kutoka chumba kingine "vaa viatu, chukua begi, zima tivii, fanya haraka", unamsogelea, unamwangalia, unasema "vaa viatu", basi, unasubiri kama sekunde tano, akigusa kiatu tu unamsifu kwa hilohilo, ndo unataja linalofuata. Na kelele za kudai kitu ukianza kuzipuuza, siku za mwanzo zitaongezeka, atapiga kelele kuliko jana. Hapo ndo wazazi wengi wanakata tamaa, wanampa anachotaka, na mtoto anajifunza kelele inatakiwa ifike wapi. Ila hiyo ni kwa kelele tu, kupiga wenzake hakupuuzwi, unamtoa hapo mara moja, kwa utulivu, bila viboko maana utakuwa unamfundisha kilekile unachomkataza.

Kliniki ijayo nenda na baba, swali la teja aliulize mwenyewe, na mseme kama kuna ndugu aliyewahi kufa ghafla kijana au mwenye ugonjwa wa moyo, hilo daktari anatakiwa alijue kabla ya kidonge cha kwanza. Kama mtoto ameshaanza kunywa ile ya shangazi, acheni leo, msiichanganye na vidonge, na chupa ichukueni mje nayo.